Samora ukiwa na watoto: tembea kidogo, simama sana

Mara ya kwanza kupeleka darasa katikati ya mji wa Dar es Salaam nilijiandaa kama naongoza jeshi. Watoto 42 wa darasa la tano, walimu 3, na karatasi yenye vituo 12: tuanzie Mnara wa Saa, tuifuate barabara ya Samora yote, tupite Sanamu ya Askari, tufike Bustani ya Mimea, tumalizie Makumbusho ya Taifa. Saa nne asubuhi tulikuwa bado kituo cha tatu. Saa sita watoto wawili wanalia, mmoja kandambili imekatika, na mimi sauti imekauka kwa kushindana na honi. Kesho yake nikawaambia waandike walichokiona. Zaidi ya nusu waliandika habari za mzee anayetengeneza saa kibarazani, mtu ambaye hakuwemo kabisa kwenye karatasi yangu. Tulisimama mbele ya meza yake kwa sababu tu tulikuwa tunawasubiri wenzetu waliokwenda kujisaidia.

Nimeshakwenda mara nyingi tangu siku hiyo, na haya nawaandikia walimu wapya, hasa mliopangiwa somo la historia bila kuulizwa. Wapo pia shangazi na wajomba wanaotaka kuwatoa watoto Jumamosi wakaone mji, yatawafaa.

Jambo la kwanza ni kukata. Mtaa mzima ni wa mtalii mwenye ramani. Kwa watoto chagua hatua kama 200, basi. Mimi siku hizi nina vituo vitatu tu, na mara nyingi cha tatu hatukifikii. Ukiwa na saa mbili, toa saa nzima kwa sehemu moja ambako kuna mtu wa kuzungumza nao na kitu cha kushika.

Anza na jina la mtaa kwa sababu halihitaji kutembea. Mtaa huu umebeba majina manne. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, chini ya migunga, kwa kuiga jina la barabara kubwa ya kwao Berlin. Waingereza walipochukua mji mwaka 1916 hawakujisumbua sana, wakatafsiri tu: Acacia Avenue. Baada ya 1961 ukawa Independence Avenue. Alipokufa Samora Machel, rais wa Msumbiji, kwenye ajali ya ndege kule Mbuzini, Afrika Kusini, Oktoba 1986, ukapewa jina lake. Andika kila jina kwenye karatasi ngumu, wape watoto wanne washike, wapange mstari, halafu wengine waulize: ukiitwa hivi, nani alikuwa bwana mkubwa? Nani alikuwa anaelewa kibao hiki kimeandikwa nini?

Usiharakishe kujibu. Mwaka mmoja msichana aliyeshika karatasi ya tatu aliigeuza, akaisoma mwenyewe kwa sauti, akauliza, "Mwalimu, mbona uhuru waliuandika kwa Kiingereza?" Nilikuwa nimefundisha majina yale miaka kadhaa na swali hilo halijanijia. Nikawakumbusha kwamba upande wa Mnazi Mmoja na Kariakoo kulikuwa na Kichwele, nayo ikabadilishwa jina ikawa Mtaa wa Uhuru, kwa Kiswahili. Uhuru mmoja, mitaa miwili, lugha mbili. Wakaanza kubishana kwa nini. Nikanyamaza, nikanywa maji yangu.

Jina la Samora nalo usilipite haraka, maana watoto wengi wanadhani ni Mtanzania. Waambie FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilianzishwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapigania uhuru wake waliishi kwetu miaka mingi kabla nchi yao haijawa huru mwaka 1975. Jina la mtaa likishapata sababu, hata Azikiwe na Nkrumah, mitaa ya jirani yenye majina ya viongozi wa Nigeria na Ghana, hawataiona tena kama maneno tu ya kumwelekeza dereva wa bajaji.

Jambo la pili: wafundishe kutazama juu. Chini ni simu, mabegi, miwani, matangazo ya ofa, na bango la leo mwakani halipo. Historia ya duka imekaa ghorofa ya kwanza kwenda juu, mahali ambapo mwenye duka la sasa hajapaka rangi. Ukiingia upande wa Uhindini, mitaa kama India, Jamhuri na Mosque, utakuta roshani, nakshi za saruji, na mara nyingine jina la mtu na tarakimu nne za mwaka zilizochongwa juu kabisa. Mpe zawadi ya kashata moja mtoto atakayeuona mwaka wa kwanza. Kisha watoe hesabu: bibi yako alikuwa na umri gani fundi alipomaliza ukuta huu? Watoto wanaochukia historia wanapenda sana kumshinda mwenzao kwa hesabu ya bibi.

Hapo ndipo utakapoulizwa: huyu aliyeandikwa juu yuko wapi? Usikwepe. Eleza kwamba wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza, waliugawa mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa, na kwa hiyo kwa rangi za watu: Uzunguni huku baharini, Uhindini hapa madukani, Uswahilini kule Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja katikati kama ua wa kuwatenganisha. Mwenye duka aliuza chini na kulala juu. Halafu mwaka 1971 serikali ikapitisha sheria ya kutwaa majengo, yale ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba; leo yako kwa Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana jina juu ni la mtu mmoja na kodi inalipwa kwingine.

Hapa niliwahi kukosea. Nililieleza jambo hili kama ushindi mtupu, wenye nyumba wabaya, wapangaji wazuri, watoto wakapiga makofi. Wiki ile ile mzazi mmoja akaja shuleni, mtu mpole, akasalimia vizuri, akakaa. Akasema, "Mwalimu, moja ya nyumba zile aliijenga babu yangu. Baba alisikia habari ile redioni, amekaa mezani anakula." Hakuja kugomba. Alitaka tu nijue kwamba mwanawe alipiga makofi pamoja na wenzake, kisha akarudi nyumbani kimya. Tangu hapo nawauliza watoto wenyewe: kwenu nani alipata chumba mjini kwa mara ya kwanza baada ya 1971, na kwenu nani alikipoteza? Darasa la Dar es Salaam lina wote wawili, wamekaa dawati moja. Mzazi yule nilimwomba mwaka uliofuata atembee nasi. Alikuja, akasimama mbele ya nyumba, akaonyesha dirisha lililokuwa la jikoni.

Sanamu ya Askari ni lazima, kwa sababu watoto wataitaka hata usipotaka wewe. Wazee wengine wa mjini bado wanaiita Bismini. Iliwekwa mwaka 1927, singe inaelekea bandarini, na chini kuna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya herufi za Kiarabu. Usihutubie. Wape watoto dakika 10 waizunguke na kuangalia pande zote, kwa zamu, mwalimu mmoja akisimama upande wa magari. Wataona kwamba pembeni kuna wapagazi pia. Hapo ndipo pa kuwaambia Kariakoo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Uso wa mtoto anayekwenda Kariakoo kila Jumamosi na mama yake, akisikia hilo kwa mara ya kwanza, mimi bado sijauchoka.

Ukiweza, chapisha picha ya sanamu ambayo Wajerumani waliiweka mjini humu kabla ya vita ile, ya gavana Hermann von Wissmann. Mzungu kasimama juu, na chini yake askari Mwafrika anamtazama. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha mwaka 1968. Weka picha ile kando ya sanamu hii na uulize swali moja tu: askari amehama kutoka wapi kwenda wapi?

Jiandae lakini. Maandishi ya 1927 yanawakumbuka waliomtumikia mfalme wa Uingereza. Mvulana mmoja, kwao Songea, aliyasoma taratibu akanigeukia: babu wa babu yake alipigana upande wa Wajerumani, sasa sanamu yake iko wapi? Sikuwa na la kumjibu, na nikasema hivyo mbele ya wote. Mwalimu mgeni huogopa sana kusema sijui. Mtaani utalisema kila robo saa, lizoee.

Sasa watu wa madukani, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wewe unakuja kusoma, wao wako kazini. Nenda peke yako siku mbili kabla, bila watoto, nunua kitu hata kama ni betri ya saa, salimia, kaa, eleza. Omba dakika 10 na umwulize ni saa ngapi wateja wanapungua. Duka moja lilitufukuza, na mwenyewe alikuwa na haki: watoto 14 walijaa mlangoni mwake saa nne na nusu, mteja akachungulia akaenda zake. Gawa kundi. Watoto 6 wanatosha mbele ya kaunta moja, wengine wachore jengo la ng'ambo. Ijumaa mchana usijaribu, watu wanakwenda msikitini. Jumapili mitaa imetulia na majengo yanaonekana vizuri, ila milango imefungwa, kwa hiyo utapata kuta bila watu. Mimi napenda Jumatano, kuanzia saa tatu.

Swali la kumwuliza mwenye duka au fundi nimelipunguza mpaka limebaki moja, na watoto wanalikariri kwenye gari: ni kitu gani ulikuwa unauza, au unatengeneza, ambacho siku hizi hakuna anayekitaka? Usiruhusu maswali ya "zamani maisha yalikuwaje". Kwa swali hilo mzee atajibu "yalikuwa mazuri" na mazungumzo yatakufa. Ukimwuliza kitu, atainama kutafuta.

Yule mzee wa saa aliinama. Alivuta droo, akatoa saa ya mkononi isiyo na betri, akaifungua kwa kisu kidogo. Akamwita aliye karibu, "Njoo mjukuu wangu, usipumue." Ndani kulikuwa na kamani nyembamba kama unywele, inajikunja na kujikunjua. Akaitia ufunguo kidogo, akaiweka sikioni mwa mtoto. Kila mmoja akasikiliza kwa zamu, watoto 6 wa Dar es Salaam kimya kabisa katikati ya Samora, jambo ambalo sijawahi kulipata darasani. Akasema zamani karani hakutoka nyumbani bila kutia saa yake ufunguo, na waliosahau walipita kwake wakitazama saa zake za ukutani kwa jicho la pembeni. "Sasa wana simu. Saa wananivalia harusini."

Baadaye tulipofika Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 mji ulipopewa hadhi ya jiji, sikuhitaji kueleza kwa nini watu waliona fahari kuweka saa barabarani.

Mengine ni ya kawaida. Maji kwa kila mtoto, kofia, namba ya simu ya shule kwenye kadi shingoni. Choo ulizia mapema. Makumbusho, mtaa wa Shaaban Robert, ndiko salama zaidi, nami siku hizi ndiko ninakomalizia safari kwa sababu hiyo hasa. Ukielekea upande wa Ikulu, weka kamera mfukoni na uwaambie watoto kwa nini. Usiwapandishe mwendokasi asubuhi watu wanapokwenda kazini. Na kama shule yako iko Mbagala au Gongo la Mboto na nauli haitoshi, usilie: Mtaa wa Uhuru una maduka ya kanga, na kanga inasomwa. Mpe kila mtoto achague jina moja, amwulize muuzaji linatumwa kwa nani. Ukubali kwamba mengine hutaweza kuyaeleza mbele ya darasa la tano.

Ukirudi shuleni usidai insha. Waandike barua fupi za shukrani kwa waliowapokea, kisha zipeleke mwenyewe, mkononi. Mzee wa saa aliibandika moja kwenye kioo cha kabati lake, kando ya saa ya ukutani isiyotembea. Nilipokuja na darasa lililofuata walikimbilia kuisoma kabla ya kumwamkia. Nikawarudisha nyuma waamkie kwanza. Akaitikia marahaba, akawaambia aliyeandika barua ile mwandiko wake mbaya, na kwamba saa ile ameiacha makusudi isitembee.

"Kwa nini, babu?"

"Nakusubirini nyie mniulize," akasema, akavuta droo.