Uliza Dada wa Baiskeli: Mvua imeingia, na mbio ni Limuru

Wiki hii barua ni za mvua karibu zote, na si ajabu, masika ndo haya na mbio za barabarani hazingoji jua. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake ina mengi ndani yake.

SWALI: Dada, habari ya kazi. Naendesha baiskeli mwaka wa pili sasa na mwezi ujao nimejiandikisha mbio za wanawake pande za Limuru na Tigoni, kilomita 60. Shida yangu ni mvua. Juzi mazoezini niliteleza raundabauti nikachunika goti, mume wangu akasema niachane nazo, na kocha wetu naye anasema wanawake wanaogopa mvua ndo maana wanaachwa kwenye mteremko. Baiskeli ni ya mtumba, breki zake ni zile za kubana rimu. Niende ama nikae? (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Pole na goti mdogo wangu. Nenda.

Tuanze na huyo kocha tummalize haraka. Mwambie atafute picha za Paris–Roubaix ya wanawake, zile mbio za baiskeli za Ufaransa zinazopita barabara za mawe, tarehe 2 Oktoba 2021. Mbio za wanaume huko zilianza 1896, wanawake wakangoja miaka 125, na siku yao ya kwanza ilipofika barabara za mawe zilikuwa zimelowa matope yanateleza kama bamia. Lizzie Deignan wa Uingereza akachomoka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 80 akaenda peke yake mpaka mwisho, hakuna aliyemshika, hata Marianne Vos, yule bingwa wa Uholanzi, alimaliza wa pili. Alikuwa bila glavu, mikono ikachubuka mpaka damu ikabaki kwenye usukani (hiyo ya glavu usiige tafadhali). Kwa hivyo hiyo hadithi ya wanawake na mvua akawasimulie wengine.

Sasa wewe. Raundabauti sikuwepo lakini naweza kubahatisha, ni moja kati ya mbili: ulikanyaga rangi nyeupe ama ulishika breki ukiwa tayari umelaza baiskeli kwenye kona. Pengine zote. Rangi ya barabarani ikilowa haishiki tairi kabisa, iwe ni zebra, mshale ama matuta yaliyopakwa rangi, na vifuniko vya chuma vya mtaro ni hivyo hivyo. Halafu hapa Nairobi tuna dizeli ya malori na matatu, jua likiwaka wiki nzima inakaa tu kwenye lami na vumbi, mvua ya kwanza ikigusa inaelea juu na hapo ndo barabara huwa mbaya zaidi kuliko mvua ikiwa imepiga saa nzima imeosha kila kitu. Pande za Tigoni ongeza matope mekundu yanayoangushwa na malori yakitoka kwenye vijia vya mashamba ya chai, ukiona lami imebadilika rangi mbele yako jua ni hayo.

Breki za rimu hazina ubaya, ila zikilowa zinachelewa. Ukifinya, mzunguko wa kwanza wa gurudumu unapangusa maji tu, kushika kwenyewe kunakuja baadaye, na mtu asiyejua hapo ndo hupanik akafinya kwa nguvu zote na gurudumu linajifunga. Kwa hivyo gusa breki kidogo mapema, mbali na kona, upanguse maji, halafu punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, na ukianza kulaza baiskeli uwe umeshaachilia. Pedali ya upande wa nje iwe chini na uiegemee kwa uzito wako, macho yaangalie unakotokea, sio gurudumu la mbele. Ukilazimika kupita juu ya rangi ama chuma, pita baiskeli ikiwa wima bila kugusa breki. Hayo usiende kuyajaribu siku ya mbio, tafuta uwanja mtupu wa kuegesha magari siku ya mvua ukate kona mpaka mwili uzoee. Na fundi akuangalizie raba za breki kabla, changarawe ikinasa pale inakula rimu na utaisikia ikikwaruza.

Tairi punguza upepo kidogo. Kama pampu umezoea kuisomesha 90 PSI (kipimo cha upepo), weka 80 hivi, tairi inatandaza vizuri. Usishushe sana manake una tyubu ndani, na shimo moja tu la Limuru Road likikubana tyubu kwenye rimu inatoboka matundu mawili. Mvua pia inaleta pancha zaidi, maji yanasogeza vipande vya chupa na vijiwe kwenye njia na tairi mbichi inavibeba. Olimpiki ya London 2012 mbio za barabarani za wanawake zilikimbiwa kwenye mvua kubwa, wanne walichomoka na Shelley Olds wa Marekani alikuwa kati yao, akapata pancha, medali zikabaki kugawanwa na wale watatu. Marianne Vos akachukua dhahabu. Kwa hivyo beba tyubu mbili, na uwe umefanya mazoezi ya kubadilisha vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Na hapo kwenye vidole ndo nataka unisikilize, manake watu wanaogopa kuanguka na wanasahau baridi. Nairobi tuko mita 1,700 na kitu juu ya bahari, Limuru imepita 2,200, hapo tayari umepoteza nyuzijoto kama tatu, ongeza kulowa, ongeza upepo wa mteremko ukiwa kilomita 50 kwa saa. Kupanda utasikia joto mpaka utake kuvua koti. Ukianza kushuka, dakika chache tu vidole havitii, na breki unashika na nini kama vidole havitii? Wengi wanaoanguka mteremkoni kwenye mvua hawakuanguka sababu ya woga, waliingia kona na mwendo ambao mikono ilishindwa kuupunguza. Kwa hivyo zunguka masoko ya mitumba, Gikomba ama Toi, utafute koti jepesi la kuzuia upepo linalobana mwili, lisipepee. Glavu nazo, na ndani yake vaa zile nyembamba za daktari, kwa kemisti zipo. Waendeshaji wa zamani walikuwa wanaweka gazeti kifuani chini ya jezi kabla ya kushuka, na bado linafanya kazi vizuri tu. Mfuko wa plastiki ungefanya pia lakini si unajua ilipigwa marufuku Kenya 2017. Kofia nyembamba yenye ukingo chini ya helmeti inakinga macho yasijae maji ya gurudumu la aliye mbele.

Kula hata kama husikii njaa, mwili unaotetemeka unachoma sana. Ndizi, njugu, viazi vitamu vya kuchemsha, vitu ambavyo hutahitaji kufungua na meno. Usiweke kitu chochote cha karatasi ngumu mfukoni, hutaweza kukifungua, utakirudisha nyumbani kizima.

Kwenye kundi acha nafasi kubwa kuliko kawaida na usikae nyuma kabisa, pale nyuma kila kona ni kufinya breki na kufukuzana tena. Na ukiteleza tena usione ni aibu. Chloe Dygert aliteleza kwenye kona siku ile ya mbio dhidi ya saa Olimpiki ya Paris 2024, mvua ilikuwa inanyesha, akainuka akamaliza na shaba.

Mume wako anaogopa goti, hana ubaya. Mpe kazi: asimame kwenye mwisho na nguo kavu na taulo.

SWALI: Dada naomba usitaje jina. Siku ya mbio itaangukia kwenye siku zangu na wamesema mvua itakuwepo. Nitavaa padi juu ya ile sponji ya kaptura ama vipi? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Padi kwenye mvua itafyonza maji yote ya barabara, itajikunja, na kwa kilomita zote hizo itakuchubua vibaya. Kisodo cha ndani ama kikombe cha hedhi ni afadhali sana, ila kikombe uwe umekizoea miezi kadhaa kabla, isiwe asubuhi ya mbio ndo unasoma maelezo. Kaptura yenye sponji huvaliwa bila chupi, najua wengi wanavaa, mishono ya chupi iliyolowa ndo inayokata ngozi. Paka mafuta ya kulainisha kwenye ngozi inayosuguana. Ukimaliza vua hiyo kaptura hapo hapo, zungusha leso ubadilishe, usikae nayo mbichi ukingoja zawadi zitolewe. Muwasho ukiendelea siku zinazofuata nenda kliniki, usijinunulie dawa.

SWALI: Binti yangu ana miaka 16 anataka hizo mbio za mvua. Mimi naogopa nimonia. Nimkataze? (Mama msomaji, Ruiru)

JIBU: Mama, shikamoo. Nimonia inaletwa na vijidudu, mvua peke yake haiwezi kumpa. Cha kuogopa ni mwili kupoa kupita kiasi. Akitetemeka ni kawaida, mfunike. Akianza kuongea kama mlevi, ashindwe kufungua zipu mwenyewe, ama kutetemeka kuishe na bado ana baridi, hapo ni kumtoa kwenye mbio, kumvua nguo mbichi, blanketi, kinywaji cha moto kama anaweza kumeza vizuri, na kumpeleka hospitali. Radi ikianza waandaaji wanatakiwa kusimamisha mbio, waulize mapema wamepanga watu wakajikinge wapi na kama kuna ambulensi, wakikujibu kwa mzaha mzuie bila kusita. Wakikujibu vizuri muache aende, beba chupa ya chai ya tangawizi na soksi kavu, na asirudi Ruiru kwa matatu akiwa na nguo mbichi mwilini.