Monstera ina manjano na majani hayana matundu: mbolea ingoje, toa mmea uangalie mizizi

Dada uliyeuliza kutoka Ntinda, Kampala, kuhusu monstera yako, ule mmea wa mapambo wa majani mapana yenye matundu, nimesoma majibu ya hapo juu na karibu wote wanakutuma dukani ukanunue mbolea. Umesema unamwagilia kila jioni, majani ya chini yanageuka manjano, udongo una harufu, na majani mapya yanatoka mazima bila tundu hata moja. Hiyo si njaa. Mizizi inaoza, na juu ya hilo mmea uko gizani. Ni shida mbili, kila moja na dawa yake.

Huku kwetu tukiona jani pana tunafikiria mayuni (magimbi), basi tunamwaga maji. Ni kweli monstera na mayuni ni ukoo mmoja, ila mayuni hukubali kukaa bondeni kwenye majimaji. Monstera kwao, kuanzia kusini mwa Mexico hadi Panama, hukwea miti msituni, na mizizi yake imezoea magome na majani yaliyooza, mahali ambapo maji hupita na hewa ikaingia. Ule udongo mweusi wa barabarani wanaokuuzia kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) ukiutumia peke yake hushikana, na mizizi hukosa pumzi.

Itoe kwenye chungu, ukung'ute bonge la udongo taratibu. Mzizi mzima ni mgumu na mweupe-mweupe. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta ganda linachomoka likikuachia uzi mwembamba vidoleni. Yote ya namna hiyo kata kwa kisu safi. Kisha changanya udongo mweusi sehemu mbili, maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza sehemu moja, na sehemu moja ya chenga za makaa, zile zinazobaki chini ya gunia (si jivu la sigiri, yaani jiko la makaa!). Maganda mabichi usitie, hupata joto yakioza. Mchanga laini wa ziwa nao achana nao, unaziba nafasi za hewa. Chungu kiwe kikubwa kidogo tu kuliko mizizi iliyobaki, na kiwe na matundu chini. Vile vyungu vya kung'aa visivyo na tundu, tumia kama vazi la nje tu, na maji yakijikusanya humo yamwage.

Ratiba ya kila jioni ifute. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uache. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei utashangaa muda utakaopita bila kuigusa.

Sasa mwanga, na hapa ndipo video za Ulaya zinapotupoteza. Wanasema dirisha la kusini kwa sababu kwao jua liko kusini mwaka mzima. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, jua linahama: Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Ndiyo maana mmea uliokaa dirisha la kusini kwa raha tangu Julai unaweza kuungua mabaka ya kahawia Desemba bila mtu kuusogeza. Mimi naona dirisha la mashariki ndilo lisilo na kesi, au veranda yenye paa. Na ile habari ya kuupumzisha wakati wa baridi haituhusu, mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima.

Matundu huja kwa umri na mwanga. Mche mchanga hutoa majani mazima yenye umbo la moyo, hakuna mbolea itakayoyatoboa. Wa kwako umeshakuwa mrefu, kwa hiyo utafutie nguzo ya mti, uizungushie gunia la katani, ufunge shina (usifunge vikonyo vya majani), na gunia uliloweshe mara kwa mara. Mizizi ya hewani usiikate, ielekeze kwenye gunia. Ukishapata pa kukwea, majani hupanuka.

Vumbi la kiangazi lifute kwa kitambaa chenye maji, hata chini ya jani, maana utitiri hujificha huko. Wale wanaopaka mafuta ya kupikia ili jani ling'ae, sijui nani aliwafundisha.

Umetaja mtoto anayetambaa: utomvu wa monstera huwasha mdomo na koo kama yuni bichi, kwa sababu ileile ya fuwele za kalsiamu oksaleti, vichembe vyenye ncha kali. Weka mbali naye.

Mbolea ile ya NPK 17-17-17 (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) utaitumia jani jipya likishafunguka, nusu kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi. Yaliyokwisha kuwa manjano hayarudi kijani, yakate. Ukiutoa mmea, tupigie picha ya mizizi kabla hujakata chochote.