Jimbo lina uwezo wa kurahisisha upigaji kura, si lazima lisubiri Washington

Umeuliza kama jimbo la Marekani linaweza kurahisisha upigaji kura bila kungoja Bunge la taifa. Linaweza, na Michigan ni mfano mzuri. Mwaka 2018 wananchi wenyewe walipiga kura ya kubadili katiba ya jimbo: mtu aombe karatasi ya kura kwa posta bila kutoa sababu yoyote, na aweze kujiandikisha hadi siku yenyewe ya uchaguzi (ila siku hiyo ni katika ofisi ya karani wa mji wake, si kituoni, wengi hukosea hapo). Mwaka 2022 wakaongeza angalau siku 9 za kupiga kura mapema, na stempu ya bahasha inalipiwa na jimbo.

Mimi naona siku hizo 9 ndizo zenye uzito zaidi. Uchaguzi huko ni Jumanne, siku ya kazi kwa wengi. Muuguzi mwenye zamu inayodumu saa 12 atapanga foleni saa ngapi? Na kwa kuwa haya yamo kwenye katiba, wabunge wa jimbo hawawezi kuyafuta kwa muswada wa kawaida.