Komunike inayofika nyumbani ikaeleweka

Komunike nyingi, yaani barua ambazo shule zetu za msingi hapa Lubumbashi zinawatumia wazazi, huandikwa kwa Kifaransa cha ofisi, aya moja ndefu, tarehe imejificha katikati. Mama anayeuza makala (mkaa), au bibi anayelea wajukuu, anampa mtoto amsomee, naye mtoto anasoma kinachompendeza. Walimu wenzetu, wekeni Kiswahili upande mmoja wa karatasi na Kifaransa upande wa pili, na mstari wa kwanza useme mzazi afanye nini na kufikia lini.

Kwa matembezi, iwe ni zoo au makumbusho, Mei na Juni ndiyo miezi yenyewe, mvua zimekwisha. Barua itoke siku kumi kabla. Anayeishi kwa mapato ya siku anahitaji muda wa kuweka kidogo kidogo. Akipewa siku mbili hana la kufanya. Andikeni siku pamoja na tarehe, na saa iwe kwa tarakimu: 7:30 asubuhi. "Saa mbili" ikiachwa peke yake, mmoja ataielewa kuwa 8:00 ya asubuhi, mwingine anayehesabu kwa Kifaransa atadhani ni 2:00 ya mchana, na gari litakuwa limeondoka.

Bei ichanganuliwe: gari kiasi gani, kiingilio kiasi gani. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, na tangu Septemba 2019 jambo hilo limeanza kutekelezwa. Kwa hiyo semeni wazi kwamba pesa hii ni ya matembezi tu, na asiyelipa hatafukuzwa darasani. Mstari huo ukikosekana, wapo wazazi watakaomweka mtoto nyumbani kwa aibu.

Chini kabisa pawe na kipande cha kukata na kurudisha: jina, darasa, saini, namba ya simu itakayopatikana siku hiyo, na ugonjwa ambao mtoto anao, kama pumu, kifafa au selimundu. Kipande kisiporudi, mpigieni mzazi jioni ya kuamkia safari. Kumwacha mtoto getini akilia huku wenzake wanapanda gari ni ukatili.

Mtu mzima mmoja achukue watoto wanane, akiwa na orodha yake ya majina. Aite majina kabla ya kupanda, baada ya kushuka, kabla ya kurudi na mkishafika shuleni. Kuhesabu vichwa hamsini kwa jicho kunadanganya, hasa mkikutana na shule nyingine yenye sare kama yenu. Wakumbusheni pia sweta: Juni asubuhi baridi inauma, ingawa mchana jua linachoma.

Habari za masomo ndizo tunazoziandika vibaya zaidi. "Tumeanza kutoa" haimsaidii mzazi. Mwonyesheni hesabu moja: 52 − 27. Mtoto akijibu 35, ametoa kidogo katika kikubwa kila upande, 7 − 2 halafu 5 − 2, bila kuangalia namba ipi iko juu. Jibu ni 25. Mwambieni mzazi apange vifuniko vya chupa, mafungu matano ya kumi kumi, na vingine viwili pembeni, kisha mtoto afungue fungu moja ili apate vya kutoa. Tajeni pia njia mnayofundisha. Wengine wanakopa kumi kwa jirani, wengine wanaongeza kumi juu na moja chini. Njia zote mbili ni sahihi, lakini zikikutana katika kaye (daftari) moja mtoto anachanganyikiwa.

Penye zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, uwanja, choo na maji ni vya watoto ambao hawaonani kamwe. Ndiyo maana wa mchana hukuta bidoni (dumu la maji) tupu. Fanyeni hesabu: kunawa vizuri kunataka karibu robo lita, kwa hiyo bidoni ya lita 20 inatosha watoto 80. Zamu yenye watoto 400 inahitaji bidoni tano, zenye robine (bomba la kufungulia maji), na sabuni ifungwe kwenye wavu ining'inie, maana ikiwekwa chini inayeyuka au inapotea. Katika komunike taja darasa linalojaza maji, siku yake na saa yake. Ukiandika "wanafunzi wote", hakuna atakayejaza. Zamu ya asubuhi ijaze tena kabla ya kengele ya mwisho, na ufunguo wa choo ubaki kwenye msumari mlangoni mwa direkta, usiende nyumbani mfukoni mwa mtu.