Kabla hujapanda juu ya mawingu: niliyojifunza kwenye kibali cha VFR OTT

Wewe uliyepata leseni ya rubani binafsi hapa Kanada na sasa unakitamani kibali cha VFR OTT (kuruka juu ya mawingu kwa kujiongoza kwa macho), elewa hili mapema: kinakuruhusu kuwa juu ya mawingu, hakikuruhusu kuyapenya. Unapandia penye uwazi, unashukia penye uwazi, tena mchana tu.

Utahitaji saa 15 za kuruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege badala ya kutazama nje, pamoja na mkufunzi. Usizihesabu kama karatasi ya kujaza. Siku moja nilivaa kofia inayoziba mwonekano wa nje, na baada ya dakika chache mwili mzima uliniambia tunakata kulia. Upeo bandia, chombo kinachoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, ulionyesha tumenyooka. Nikauamini mwili, nikaulaza usukani kushoto. Mkufunzi alinyamaza. Upepo ukaanza kuvuma kwa nguvu dirishani, nikaitazama altimita, kipimo cha urefu wa kuruka: futi 400 zilikuwa zimeshapotea. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na ujuzi wa vyombo. Wote walishindwa kuimudu ndege bila kuona nje, baada ya wastani wa sekunde 178. Tangu siku ile nikikumbuka namba hiyo, silegezi mazoezi.

Hata huko juu penye jua macho yanadanganya. Migongo ya mawingu mara nyingi imeinama, na ukiifanya ndiyo upeo wako, utaruka bawa moja likiwa chini bila kujua. Rudi kwenye vyombo kila mara.

Kanuni zikariri: angalau futi 1,000 juu ya wingu, ukiwa kati ya tabaka mbili, ziachane futi 5,000, mwonekano maili 5. Uendako, utabiri wa uwanja uonyeshe anga safi au mawingu ya kutawanyika, mwonekano maili 5, bila mvua, ukungu, radi wala theluji inayopeperushwa, kuanzia saa moja kabla ya kufika hadi saa mbili baada yake. Ndege nayo iwe na jairo zake (vyombo vya kuonyesha mwelekeo na mlalo wa ndege), redio za urambazaji na kinga ya barafu kwenye kipima kasi.

Ila kuna swali ambalo mimi huliweka mbele ya yote hayo: injini ikizima, nitatokea wapi? Kama kitako cha wingu kiko futi 3,000 juu ya ardhi, ukitoka chini yake bado una nafasi ya kuchagua shamba. Kama ni ukungu uliolala juu ya vilima, huna. Safari ya namna hiyo naiahirisha, hata utabiri wa uendako uwe mzuri kiasi gani.

Na njiani huwa natazama nyuma. Nikiona uwazi niliopandia unaziba, na taarifa mpya ya mbele sijaipata redioni, nageuza wakati bado naiona ardhi.