Laktoferini na dang'a kwa ini lenye makovu: mimi nilishajaribu

Mkuu uliyeuliza kama mzee wako mwenye homa ya ini B aache tenofovir (kidonge cha kudhibiti kirusi), atumie dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, na unga wa laktoferini, protini inayotolewa kwenye maziwa, kwa vile muuzaji kasema "unafuta makovu": nami nina B, na huo unga nimeula.

Niligundulika 2018 nilipokwenda kuchangia damu. Kipimo cha ugumu wa ini, kile cha kupakwa jeli ya baridi mbavuni halafu kimashine kinakugonga tok, tok, kikasoma 10.4 (namba ikipanda, ini ni gumu zaidi). Nikaanzishiwa tenofovir. Binamu yangu wa Dubai akasikia, akanishawishi ninunue makopo matatu ya laktoferini. Hela ile ingelipa ada ya mwanangu muhula mzima. Nimekula miezi mitatu, kipimo kikasoma 10.1, yaani palepale. Unga nikaacha, kidonge sikuacha. Mwaka wa tatu nikasoma 6.2.

Muuzaji hajadanganya kila kitu. Laktoferini ni protini ya kweli ya maziwa, inakamata madini ya chuma, na chuma kikizidi kwenye ini kinaunguza seli. Panya waliotiwa sumu ya ini makusudi, wakipewa laktoferini, makovu yao yamekuwa machache. Sasa panya huyo mara nyingi analishwa kinga huku sumu ikiingia. Mzee wako kovu lake lina miaka, na kirusi bado kimo. Kule Japani wagonjwa wa homa ya ini C walipewa gramu 1.8 kwa siku kwa wiki 12; majibu yalitoka 2006, virusi havikushuka kuliko kwa waliopewa kitu kisicho na dawa.

Dang'a ndiyo kabisa. Bibi yangu alikuwa akiiinjika tu jikoni, inaganda kama mayai ya kuvuruga. Kule kuganda ndiko protini kuharibika, laktoferini ikiwemo. Ukimpa mbichi, unamtafutia brusela, ugonjwa wa bakteria wa maziwa mabichi, juu ya ini bovu. (Maziwa ya dukani? Laktoferini yake ni kiduchu.)

Kinachonitisha kwenye swali lako ni hilo neno "aache". Tenofovir ukiikata ghafla, kirusi kinaweza kuamka kwa hasira na ini likafeli. Kama kesha­acha, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke kesho asubuhi, wampime ini na wingi wa virusi, na lile kopo libebeni daktari alione.