Re: Styela rustica au coriacea? Nimekwama

Mambo mkuu. Kama nimekuelewa, vidude vyako vya Bahari Nyeupe kule Urusi (ascidia, wanyama wa baharini kama vifuko vyenye midomo miwili ya kupitisha maji) vyote vya kahawia, vimekunjamana kama viazi vya mwezi jana, na hujui kipi ni Styela rustica, kipi ni Styela coriacea. Achana na rangi, spiriti ya kuvihifadhia inaifuta. Cheki kwanza katikati ya ile midomo miwili, rustica ina kapembe kamoja kamechongoka, coriacea haina, ila uchafu hukaficha so sugua na brashi laini kwanza, mimi kalishanipita hivyo mara mbili. Chenye miiba kama shokishoki ni Boltenia echinata, ascidia ya aina nyingine. Bado una wasiwasi? Pasua, uone nyuzi za ndani ya mdomo wa kuvutia maji: Styela zimenyooka, Boltenia zina matawi. Kikiwa kimechanika sana mimi naandika Styela tu, jina la pili naacha wazi.